Shehena Kwanza, Chombo Baadaye

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimeitungia insha mara tatu tangu nilipokuwa shule ya msingi, na mara zote tatu nilipata alama nzuri. Lakini nakiri mbele yenu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu, kwamba maana yake sikuijua mpaka likizo ya Desemba ya mwaka wa 2024. Mgonjwa mwenyewe hakuwa binadamu. Mgonjwa alikuwa tarakilishi ya mamangu, na mficha maradhi nilikuwa mimi.

Twakaa Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba ya kikale ya matumbawe na boriti. Babu, mzaa mama, anakaa chumba cha chini kwa sababu magoti yake hayataki tena ngazi. Sisi twakaa juu. Penye dirisha linalotazama kichochoroni pana meza, na juu ya meza ndipo ilipo tarakilishi. Hapa chamani twafunzwa kuiita tarakilishi, kuna walioiita ngamizi, na ndugu zetu wa Tanzania husema kompyuta. Kwetu nyumbani jina lake ni moja tu: mashine. "Nani yuko kwenye mashine?" "Mashine ishazimwa?" Hata majirani waijua kwa jina hilo hilo.

Kwa mashine hiyo mamangu hututafutia riziki. Huwapigia watu chapa barua za kuomba kazi, mitihani ya chuo, orodha za michango ya matanga, na kadi za harusi. Aliinunua mwaka wa 2010, mwaka mmoja baada ya nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa kwa chini ya bahari. Wakati huo kila mtu alitaka barua yake iwe ya kupigwa chapa. Hata siku hiyo ya kununuliwa mashine haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika ofisini huko Uingereza, ikachoka, ikaletwa huku kwetu kuanza maisha ya pili.

Mfumo unaoiendesha ni Windows XP. Mfumo huo ulitolewa tarehe 25 Oktoba 2001, mimi sijazaliwa, na kampuni ya Microsoft iliacha kuutolea marekebisho tarehe 8 Aprili 2014, mimi ni mtoto mdogo. Mtu atauliza, kwa nini basi mama hakununua mwingine? Jibu ni printa. Printa yetu ni ya zamani vile vile, haisikilizani na mifumo mipya, na wino wake ni rahisi. Kubadilisha mfumo ni kubadilisha mashine, na kubadilisha mashine ni kubadilisha printa, na hapo mfuko wasema hapana. Basi mama aliilea mashine yake kama mtu anavyomlea mzee nyumbani: haikimbii, lakini ipo.

Nyufa zilianza kidogo kidogo. Ufa wa kwanza ulikuwa saa. Ndani ya tarakilishi nyingi mna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, inayoitwa CR2032. Kazi yake ni kuiwezesha mashine kukumbuka tarehe na mipango yake hata stima ikikatika. Betri yetu ilikuwa ishakufa. Kila stima ilipopotea na kurudi, mashine iliamka ikadhani ni tarehe 1 Januari 2002. Ilikuwa ikitwambia kwa maandishi meupe kwamba saa yake si sawa, nasi tulibonyeza F1 tukaendelea na mambo yetu. Siku moja mama alimpigia kijana mmoja barua ya kuomba kazi bandarini. Programu ikajitilia tarehe yenyewe, na kijana akaipeleka barua iliyoandikwa kabla hajaanza hata chuo cha watoto! Tulicheka sana. Hakuna aliyenunua betri. Betri yenyewe ni shilingi mia moja.

Ufa wa pili niliuleta mimi kwa mkono wangu.

Jumamosi moja ya likizo hiyo, rafiki yangu aliniazima flashi yenye tamthilia za Kituruki. Mama alikuwa amekwenda arusini Kuze. Nilichomeka flashi ile kwenye mashine, ingawa mama alikuwa amenikataza si mara moja si mara mbili kuchomeka vitu vya watu. Nilipoifungua niliona kila folda ina kialama cha mshale mdogo pembeni, alama ya njia ya mkato. Nilistaajabu kidogo, lakini nilipobonyeza, folda ilifunguka na tamthilia ikaonekana. Moyo ukatulia. Nikatazama sehemu tatu, nikachomoa flashi, nikafuta hata vumbi la kibodi ili isijulikane kwamba nilikuwepo.

Laiti ningalijua. Mshale ule ulikuwa ndio mlango wa virusi. Hivi ndivyo vifanyavyo kazi: vikiingia katika flashi huzificha folda zote za kweli, kisha mahali pa kila folda huweka picha ya uongo yenye jina lile lile. Ukibonyeza picha ile, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Virusi huingia katika mashine yako, na folda ya kweli hufunguliwa ili usishtuke. Kuanzia hapo, kila flashi itakayochomekwa katika mashine hiyo nayo hupatwa.

Jumapili usiku mama alimaliza kadi za harusi za jirani mmoja wa Makadara. Kazi kubwa: kadi mia mbili, na arbuni ya shilingi elfu mbili alikuwa ashapokea. Kadi za rangi printa yetu haiziwezi, kwa hivyo mama huzitengeneza nyumbani, huzitia katika flashi yake ya kijani, kisha huzipeleka kwa wachapishaji mjini. Na hapa nieleze kosa ambalo si langu peke yangu: mama alikuwa na desturi ya kufanya kazi moja kwa moja ndani ya flashi. Nakala ilikuwa ni moja tu.

Jumatatu akaenda. Huko kwa wachapishaji, mashine yao ilikuwa na programu ya kuua virusi. Programu ikaziona zile picha za uongo, ikazifuta zote, na kwa kweli ilifanya kazi yake vizuri. Lakini folda za kweli zilibaki zimefichwa pale pale. Kijana wa dukani akatazama akasema, "Mama, flashi yako haina kitu."

Mama alirudi na jua la saa saba, jasho latiririka, buibui limejaa vumbi la barabara ya Digo. Akachomeka flashi kwenye mashine yetu. Palionekana kijipicha kimoja tu, chenye mshale, nacho kilikataa kufunguka. Akaniita.

"Ndoo hapa. Wewe wafunzwa mambo haya shuleni. Hebu nitazamia, kadi zangu zimekwenda wapi?"

Nikaja, nikauona mshale. Damu ilinisimama. Nilijua pale pale, kama ninavyojua jina langu, kwamba ni mshale ule wa Jumamosi. Na nikasema, "Sijui, Mama. Labda flashi imekufa."

Maneno hayo matano nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile.

Jumatatu jioni mama alimpigia simu yule jirani kumwomba siku mbili. Jumatatu usiku alikaa chini ya taa akiuandika tena kwa kalamu mtihani wa chuo ambao pia ulikuwa ndani ya flashi, akijaribu kuyakumbuka maswali. Mimi nililala nikimtazama mgongo wake. Nilijiambia kwamba kesho nitaitengeneza mashine kwa siri, kadi zitarudi, na hakuna atakayehitaji kujua lolote.

Jumanne mama alipokwenda sokoni, nilipakua kwa simu programu moja niliyoambiwa kwamba husafisha tarakilishi. Nikaihamisha kwenye mashine nikaianzisha. Ilisema imepata makosa mia nne na kitu. Nikafurahi kama mjinga, nikaiamuru iyaondoe yote. Haikufika nusu, stima ikakatika mtaa mzima.

Iliporudi, mashine iliamka ikasema saa yake si sawa, kama kawaida. Nikabonyeza F1. Kisha kioo kikawa cheusi, na maandishi yakasema kwamba Windows haiwezi kuanza kwa sababu faili moja la mfumo halipo au limeharibika. Nilizima nikawasha. Maandishi ni yale yale. Nilibonyeza F8 nikachagua ianze kwa hali ya usalama, kama tulivyofunzwa darasani. Maandishi ni yale yale. Baadaye nilikuja kufahamishwa kwamba mfumo wa XP una daftari lake kuu, ambamo huandika kila kitu: programu zilizomo, printa iliyounganishwa, rangi ya kioo. Programu niliyoianzisha ilikuwa inalifuta-futa daftari hilo, na stima ilikatika kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Sasa nilikuwa na maradhi mawili ya kuficha.

Jumatano asubuhi yule jirani alikuja mwenyewe. Hakugomba. Alisema harusi haingoji, ameshapata mtu mwingine wa kumtengenezea kadi, na aliomba arbuni yake. Mama alikwenda chumbani, akatoka na noti mbili za elfu moja, akampa kwa mikono miwili. Alipoondoka, mama aliketi kitandani bila ya kusema kitu. Nilijua noti zile zilikuwa za nini. Zilikuwa za viatu vyangu vya shule.

Mchana mama akamleta fundi kutoka upande wa Mwembe Tayari. Fundi aliiwasha mashine, akayasoma maandishi, akatikisa kichwa. "Hii dawa yake ni formati, mama. Tunafuta kila kitu, tunaweka Windows upya. Elfu moja na mia tano. Kuna vitu mnavyotaka humu ndani?"

Mama akamjibu kwa uchovu, "Vitu gani tena, na vishapotea?"

"Basi kesho asubuhi nitakuja kuichukua."

Nilisimama mlangoni na sahani ya mahamri mkononi. Ndani ya mashine ile mlikuwa na barua za miaka kumi na minne, hesabu za wateja, kadi zote za zamani ambazo mama hutumia kama vielelezo, na picha za nyanya aliyefariki. Kuzima kwa mashine hakukuwa na maana kwamba vitu hivyo vimekufa. Mfumo ndio ulioharibika, si ghala. Hilo nililijua, kwa kuwa tumefunzwa. Lakini kulisema kulinitaka nieleze nimejuaje na nilikuwa nafanya nini pale Jumanne. Nikanyamaza.

Baada ya Isha nilimpelekea Babu chai yake. Babu alikuwa fundi wa majahazi pale Bandari ya Kale, na tarakilishi hajapata kuigusa maishani mwake. Ni mtani wangu, huniita mke wake.

"Mke wangu," akasema, "yeo hujanitania. Na mamako hajala. Nambia, huko juu kuna nini?"

"Mashine imeharibika, Babu. Kesho fundi ataifuta yote aanze upya."

Babu akanywa funda la chai. "Sisi chombo kikivuja twakipandisha pwani, maji yakipwa kikalala ubavu, tukakikwangua, tukakitia kalafati, tukakipaka deheni. Ni kazi ya siku kadhaa. Lakini kabla ya hayo yote, tulikuwa na suala moja." Akanitazama. "Shehena ishashushwa?"

Sikuweza kujibu.

"Hujalaza chombo ubavu na mali imo ndani, mwanangu. Hata uwe fundi wa namna gani. Shehena kwanza, chombo baadaye."

Nikaangua kilio. Nikamweleza Babu yote, tangu tamthilia mpaka stima. Ilibidi nimweleze kwa Kiswahili kitupu, kwa sababu Kiingereza Babu hakijui, na jambo la ajabu ni kwamba kadiri nilivyotafuta maneno ndivyo nilivyoelewa mwenyewe. Mfumo wa uendeshaji ni nahodha: ndiye anayesema nani afanye nini na wakati gani. Diski kuu ni ghala la chombo. Nahodha akiugua, mali haiugui. Nilikumbuka mwalimu wetu alivyotusimulia kwamba mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyo kwa Kiswahili. Wakati ule nililiona ni jambo la kujifurahisha tu. Usiku ule niliwashukuru kimoyomoyo waliofikiri kwamba mambo haya yaweza kusemwa kwa lugha yetu.

"Na hiyo flashi ya mamako," akauliza Babu, "nayo ni tupu kweli?"

"Yaonekana tupu."

"Kuonekana! Chombo kitupu huelea juu. Chenye mali huzama, hata kama mali yenyewe imefunikwa turubali huioni. Nyinyi hamna njia ya kukitazama chombo chenu chazama kiasi gani majini?"

Nikaacha kulia. Njia ipo. Kila flashi huweza kuulizwa nafasi yake iliyotumika ni kiasi gani. Kadi zikiwa zimefutwa, nafasi ingekuwa wazi. Zikiwa zimefichwa tu, nafasi ingekuwa imekaliwa. Kwa siku tatu mimi, mwanafunzi wa somo la tarakilishi, sikufikiria kuuliza suali hilo, kwa sababu mtu mwenye hatia hatafuti ukweli, hutafuta pa kujificha.

"Sasa panda juu," Babu akasema, "ukamwambie mamako kama ulivyonambia mimi. Usiache neno."

Ngazi za nyumba yetu ni kumi na tisa. Usiku ule zilikuwa mia.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Sikupigwa, wala sikupigiwa kelele. Alisema hivi tu: "Mashine ni chuma, yaharibika. Lakini ulinitazama siku tatu n'kihangaika, na dawa waijua." Kisha akageuka ukutani. Wenzangu, kuna maneno ambayo heri fimbo.

Alhamisi asubuhi mama alimpigia fundi simu kumwomba asubiri, nami nikampigia mwalimu wetu wa somo la tarakilishi. Alinisikiliza akaniambia nimfuate nyumbani kwake. Alinipa kisahani cha CD chenye Puppy Linux, mfumo mdogo sana wa uendeshaji ambao haupangi ndani ya diski kuu. Huingia katika kumbukumbu ya muda ya mashine na kuiendesha kutoka hapo. Ni kama nahodha wa kuazima, ambaye hagusi kitanda cha mwenyewe. Na mwalimu akanipa mambo matatu ya kufanya kabla ya formati: kuhamisha mali yote, kutafuta kisahani cha Windows na ile namba yake ya tarakimu na herufi 25 iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, na kutafuta kisahani cha programu ya printa. "Ukiikosa hiyo ya tatu," akasema, "utakuwa na mashine nzima na printa bubu."

Tulinunua flashi mpya ya GB 32. Nilitia CD, nikaiambia mashine ianzie hapo. Mama alisimama nyuma yangu. Kioo kikawaka rangi ambazo hatukuzizoea. Nikachomeka flashi ya kijani na kuuliza nafasi iliyotumika. Flashi ni ya GB 8, na karibu GB 3 zilikuwa zimekaliwa.

"Imezama," nikasema.

"Nini?"

"Mali imo, Mama."

Nikaifungua. Linux haijali ile alama ya kuficha iliyowekwa na Windows, kwa hivyo folda zote zilikuwa pale wazi, zimepangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride: mitihani, barua, kadi. Na pembeni mlikuwa na kifaili kimoja chenye jina lisilo na maana, ambacho ndicho kilichokuwa mwizi. Nikazinakili folda zote isipokuwa mwizi. Kisha nikafungua diski kuu nikanakili barua za miaka kumi na minne, hesabu, vielelezo, na picha za nyanya. Mama alizitazama zile picha zikipita mmoja mmoja, mkono wake ukiwa begani mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu usiku.

Kadi za harusi za jirani zilikuwa salama kabisa, zote, na hazikuwa na kazi tena.

Jumamosi fundi alikuja akaifuta mashine na kuweka mfumo upya. Dawa yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na hata suali alilouliza lilikuwa sahihi. Aliyekuwa na jibu ndiye aliyenyamaza.

Tangu hapo mimi ndimi mtunzaji wa mashine, na niwaeleze ninavyoitunza, huenda ikamfaa mtu. Betri ya saa nilibadilisha siku ile ile. Intaneti tumeikata kabisa, kwa kuwa mfumo usiotengenezwa tena ni nyumba isiyo na komeo. Mwezi wa Mei mwaka wa 2017, virusi vya WannaCry vilipoenea katika nchi zaidi ya 150, Microsoft ililazimika kutoa kiraka hata cha XP iliyokuwa ishaachwa miaka mitatu. Si jambo la kutegemea kila siku. Mashine imewekwa ionyeshe mafaili yaliyofichwa, ili mshale wa uongo ukija tuuone. Flashi ya mgeni haichomekwi. Kila mwezi naitazama diski kuu ibaki na angalau asilimia 15 ya nafasi wazi, kwani bila ya hiyo XP haiwezi kuyapanga mafaili yake vizuri. Kila miezi mitatu nafungua ubavu nikatoa vumbi kwa brashi kavu. Na kwa kuwa hewa ya chumvi ya hapa kisiwani hula chuma, vile vikadi vya kumbukumbu navichomoa nikavisugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, polepole, mashine ikiwa imetolewa kwenye stima.

Msidhani haya ni ya wenye mashine kuukuu peke yao. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 pia, mfumo ambao wengi wenu mnao nyumbani na mnauita mpya. Kila chombo kina siku yake ya kupandishwa pwani. Mwenye kujua hilo hushusha mali mapema.

Yule jirani hakurudi. Viatu vyangu vilinunuliwa mwezi wa Februari, na kwa mwezi mzima wa Januari nilivaa vya zamani, vyenye tundu. Sikulalamika. Kila nilipoingiwa na maji nilikumbuka yale maneno matano.

Mwenzangu msomaji, ukiharibu kitu cha mtu, sema siku ile ile. Kosa la Jumamosi lingetengenezwa Jumapili kwa nusu saa. La Jumatano liligharimu kadi mia mbili. Na ukitaka kutengeneza chochote, jiulize kwanza kilichomo ndani ambacho hakinunuliki tena.

Kila Alhamisi baada ya Maghrib mama hunakili kazi za wiki katika flashi mbili: moja hukaa kabatini, nyingine mimi huipeleka kwa shangazi Bondeni. Nikipita mlangoni pa Babu hunisikia hatua zangu, naye hauliza habari za shule wala za chakula.

"Mke wangu! Shehena ishashushwa?"

"Ishashushwa, Babu."

"Haya. Nenda, na Mungu akulinde."